Nchelenge: Bandari Ndogo ya Ziwa Mweru na Jasho la Wanaoiendesha

Mara nyingi tunapozungumza juu ya bandari, fikira zetu hukimbilia Mombasa, Dar es Salaam au Tanga, penye meli kubwa, winchi na maelfu ya makuli. Lakini ziko bandari nyingine ndogo, mbali na bahari, ambazo hazina winchi wala jina kubwa, na hata hivyo zinalisha miji mizima. Safari hii tunapenda kuwaeleza habari za mji wa Nchelenge, ulioko kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Tumeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake ni historia ya kazi za mikono, yaani uvuvi, upagazi, ubaharia na uchuuzi. Pili, Kiswahili si mgeni pale. Lugha ya wenyeji ni Kibemba, lakini ng'ambo ya ziwa, katika miji ya Kilwa na Pweto nchini Kongo, watu huzungumza Kiswahili, na lugha hiyo huvuka maji pamoja na mizigo.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,120 na urefu wa kilomita 131 hivi. Liko mpakani: sehemu ya mashariki ni ya Zambia, na ya magharibi ni ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji yake hayana kina kirefu, hasa upande wa kusini. Mto Luapula, unaotoka Ziwa Bangweulu, huingia ziwani kwa upande huo wa kusini baada ya kupita katika vinamasi vipana, na Mto Kalungwishi huingia kutoka mashariki. Maji hutokea kaskazini, Pweto, kwa jina la Mto Luvua, yakaungana na Lualaba na mwisho kufika Bahari ya Atlantiki kwa njia ya Mto Kongo.

Yafaa jambo hili lieleweke mapema, kwa kuwa ndilo lililoutajirisha mji. Maji yasiyo na kina kirefu hupata joto na mwanga mpaka chini, na vinamasi vya Luapula huleta chakula na kuwa mahali pa samaki kuzaliana. Ndiyo maana ziwa hili lilikuwa na samaki wengi kuliko ukubwa wake ungeonyesha. Lakini maji hayo hayo ni rahisi kumalizwa. Palipo na kina kifupi, samaki hana pa kujificha wavu unapopita.

Nchelenge uko ufukoni kusini-mashariki, na umeungana kabisa na Kashikishi, mji wa soko na wa hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, hata mgeni hawezi kutambua mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia. Kutoka gatini boti huenda visiwa vya Kilwa na Isokwe, ambavyo ni vya Zambia, na nyingine huvuka hadi Kongo. Msomaji wa pwani asichanganyikiwe: kuna Kisiwa cha Kilwa, na kuna mji wa Kilwa wa upande wa Kongo, na vyote viwili si ile Kilwa ya Tanzania.

WENYE ZIWA

Kabla ya mkoloni, ziwa lilikuwa na wenyewe. Wavuvi wa asili waliitwa Washila, na mkuu wao alikuwa Nkuba. Katika karne ya 18 walifika Walunda kutoka magharibi, kutoka kwa Mwata Yamvo, wakiongozwa na watawala waliobeba cheo cha Mwata Kazembe. Wazee wa Luapula husimulia kwamba mwanamke mmoja, Nachituti, dada yake Nkuba, aliuawa mwanawe na kaka yake huyo. Kwa uchungu akaenda kwa Mwata Kazembe kutaka kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, maana yake ardhi na ziwa.

Masimulizi haya si hadithi ya kulalia watoto tu. Yalikuwa kama hati ya umiliki. Walunda walipata ukubwa wa nchi, lakini wazee wa ukoo wa wenyeji waliendelea kuwa na sauti juu ya mabwawa, mikondo na mahali pa kuvulia. Aliyevua alitoa sehemu ya samaki kwa mwenye bwawa, naye mwenye bwawa ndiye aliyejua lini pavuliwe na lini paachwe. Kwa hiyo basi, fikira ya kwamba ziwa lina kanuni na wenyewe haikuletwa na serikali yoyote ya baadaye.

BIASHARA YA MBALI

Ufalme wa Kazembe ulisimama katikati ya njia za biashara kati ya bahari mbili. Mreno Lacerda alifika huko mwaka 1798, akafia huko. Baada yake wachuuzi Waafrika waliotumwa na Wareno wa Angola walipita wakivuka bara kutoka magharibi hadi mashariki. Kutoka pwani yetu walikuja Waarabu na Waswahili wakitafuta pembe za ndovu, shaba na, kwa aibu ya historia, watumwa. Livingstone alipoliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia, na mmoja wao, Muhammad bin Salih, alikuwa amezuiliwa kwa Kazembe kwa miaka mingi. Livingstone alidhani maji haya huenda yakawa chanzo cha Mto Nile. Alikosea, lakini waliombebea mizigo yake ndio waliochoka.

Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Wabelgiji waliafikiana mpaka uliopita katikati ya ziwa. Kisiwa cha Kilwa kiliachwa upande wa Waingereza. Mwaka 1899 askari wa Kiingereza waliuteka mji wa Mwata Kazembe. Tangu hapo jamaa wa ukoo mmoja, waliokuwa wakitembeleana kwa mtumbwi, wakawa raia wa dola mbili. Ugonjwa wa malale nao ulipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, watawala waliwahamisha watu kutoka kandokando ya maji, na kwa muda sehemu kubwa ya ufuko ikabaki tupu.

KODI, MIGODI NA SAMAKI

Kilichofuata wafanyakazi wa nchi zetu zote wanakijua: kodi ya kibanda. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa mzungu. Vijana wa Luapula walivuka mto kwenda migodi ya Katanga, ambako kampuni ya Robert Williams ilikuwa ikiandikisha watu kwa ajili ya Union Minière. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 wengine walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, waliojulikana kwa jina la tengatenga, na mitumbwi ya Luapula na Bangweulu ilipeleka vifaa vya vita kuelekea mpaka wa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafunguliwa migodi mikubwa ya Copperbelt, upande wa Kiingereza.

Hapa ndipo samaki wa Mweru alipobadilika kutoka kitoweo cha nyumbani na kuwa bidhaa. Migodi ilikuwa na maelfu ya watu wa kulishwa, na kampuni zilitaka posho rahisi. Upande wa Kongo, katika mji wa Kasenga kwenye Mto Luapula, wafanyabiashara Wagiriki walileta boti, barafu na malori, wakanunua samaki kwa wavuvi wa pande zote mbili na kuwapeleka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mvuvi wa Nchelenge aliuza, Mgiriki akasafirisha, mchimba madini akala, na kampuni ikapata faida ya shaba. Katika mnyororo huo, aliyelowa maji ndiye aliyepata kidogo zaidi.

Hatuna budi kukumbusha kwamba wachimba madini wa Copperbelt, ambao wengi wao walitoka mikoa ya kaskazini ikiwemo Luapula, ndio waliogoma mwaka 1935 na tena 1940, na katika migomo yote miwili damu ilimwagika. Mwaka 1949 wakaunda chama chao cha wafanyakazi Waafrika wa migodini. Wavuvi waliowalisha hawakupata chama cha namna hiyo. Tofauti hiyo ya historia bado inaonekana mpaka leo, kama tutakavyoeleza.

Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, jimbo la Katanga lilijitenga mpaka Januari 1963, na biashara ya Kasenga ikavurugika. Zambia ikapata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Biashara ya samaki ikazidi kuelekea Copperbelt ya Zambia, na mikono ya Wagiriki ikaachia nafasi kwa wachuuzi Waafrika. Nchelenge, uliokuwa kituo cha pembeni, ukapanuka ukawa mji wa wilaya na soko.

SAMAKI WATATU

Mtu anayetaka kuujua uchumi wa Nchelenge na awajue samaki watatu.

Wa kwanza ni mpumbu. Huyu alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa mvua zinapoanza, akatage mayai. Wavuvi walimngoja njiani. Soko la migodi lilipokua, nyavu zikaongezeka pale pale penye njia ya uzazi, na kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha kuharibika. Hili ni somo chungu: samaki aliyevuliwa kabla ya kutaga hana mrithi.

Wa pili ni pale, jamii ya perege. Nyavu za nailoni zilipochukua nafasi ya zile za pamba, pale akawa nguzo ya biashara. Nailoni haiozi upesi na hukamata zaidi. Lakini kila pale alipopungua, matundu ya nyavu yakawa madogo zaidi, na pakaingia mtindo unaoitwa kutumpula, yaani kupiga maji kwa rungu ili samaki wakimbilie wavuni. Sheria inaukataza, lakini njaa haisomi sheria.

Wa tatu ni chisense, dagaa wa Mweru. Huvuliwa usiku kwa taa, kama dagaa wa Tanganyika, kisha huanikwa ufukoni mpaka wakauke. Uvuvi wake ulishika kasi pale alipokuwa akizidi kupungua. Chisense huzaliana haraka, hukauka kwa jua bila kuni wala barafu, na huuzwa kwa kopo hata kwa mtu mwenye fedha kidogo. Kwa hiyo aliwafungulia mlango akina mama wengi, ambao hawakuwa na mtaji wa boti wala lori. Mwenye gunia moja la chisense aliweza kupanda gari na kwenda kuuza mjini.

BARABARA NA GATI

Bandari haiwi bandari kwa maji peke yake. Lazima pawe na njia ya kutokea. Kwa miaka mingi njia fupi kutoka Luapula kwenda Copperbelt ilipita katika ardhi ya Kongo, ile inayochomoza ndani ya Zambia kama kidole. Lori la samaki lilivuka Mto Luapula kwa pantoni mahali paitwapo Chembe, likapita vizuizi vya nchi nyingine, na kila kizuizi kikataka chake. Mwaka 1983 lilimalizika daraja lingine la Luapula upande wa Samfya, likaipa Luapula njia ya kufika Serenje bila kutoka Zambia, ingawa ni ndefu zaidi. Mwaka 2008 likafunguliwa daraja la Chembe, lililopewa jina la Rais Levy Mwanawasa. Pantoni ikapumzika. Leo lami inatoka Mansa kupita Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe, mpaka Nchelenge.

Gati la Nchelenge pia limewahi kubeba mzigo usio wa samaki. Tangu mwaka 2002, na kwa miaka kadhaa, madini ya shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi nchini Kongo yalivushwa kwa tishari kutoka Kilwa hadi Nchelenge, yakapakiwa kwenye malori kuelekea kusini mwa Afrika. Wapagazi walipata kibarua, na maduka yakapata wateja. Lakini kazi iliyotegemea mgodi mmoja ng'ambo ya maji ilifuata hali ya mgodi huo, na mgodi uliposimama tishari nalo likasimama.

VITA NG'AMBO YA MAJI

Mpaka wa mwaka 1894 haukuwagawa watu tu, uliwapa pia mahali pa kukimbilia. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998 vilileta maelfu ya wakimbizi Luapula, na kambi ya Kala ikafunguliwa karibu na Kawambwa. Mji wa Pweto ulipoanguka Desemba 2000, watu walivuka tena. Oktoba 2004 jeshi la Kongo lilizima uasi mdogo mjini Kilwa kwa ukatili mkubwa. Zaidi ya watu 70 waliuawa, na wengi waliosalia walipanda boti kuja Nchelenge na visiwani. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitia hatiani serikali ya Kongo kwa tukio hilo na kuitaka ilipe waathirika fidia ya dola milioni 2.5. Mwaka huo huo wimbi jingine la wakimbizi lilipokelewa katika kituo cha Kenani, na mwaka uliofuata yakafunguliwa makazi ya Mantapala, yote katika Wilaya ya Nchelenge.

Tunayataja haya kwa sababu yanahusu kazi. Mkimbizi anayefika hana kitu ila mikono yake, naye hukubali ujira wowote. Asiyeelewa humlaumu mkimbizi kwamba anashusha bei ya kibarua. Lakini bei hushushwa na yule anayelipa, si na yule mwenye njaa. Ndugu zetu wa gatini wanapaswa kulikumbuka jambo hili kila anapofika mtu mpya anayezungumza Kiswahili.

NANI ANABEBA HASARA?

Sasa tufike kwenye kiini cha maelezo yetu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Shabaha ni njema, na aliyesoma habari za mpumbu hawezi kuipinga. Lakini miezi hiyo mitatu ndiyo pia miezi ya mvua na ya njaa, chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijaiva. Ndiyo miezi ya malaria kali, katika wilaya ambayo watafiti wanaijua kuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi na ugonjwa huo nchini Zambia. Katika miezi hiyo hiyo watoto hurudi shuleni wakidai madaftari na sare.

Mwenye boti tano anaweza kungoja miezi mitatu. Baharia wake hawezi. Mara nyingi baharia hana mshahara. Hulipwa fungu la samaki au sehemu ya mauzo, baada ya mwenye boti kukata mafuta, nyavu na deni la zamani. Usiku usio na samaki ni usiku usio na malipo. Upepo ukipindua boti, hakuna fidia iliyoandikwa popote. Mpagazi wa gatini hulipwa kwa gunia, na mama anayeanika chisense hulipwa kwa beseni. Wote hawa hawana likizo, hawana akiba ya uzeeni, wala hawana barua ya kazi ya kuonyesha. Kwa hiyo sheria inapofunga ziwa, gharama ya kulihifadhi inawaangukia wale wasio na kitu. Si ajabu kwamba wengine huingia ziwani usiku kwa siri, au hushona vyandarua vya mbu kuwa nyavu. Ni kosa, na linaua samaki wachanga. Lakini faini peke yake haijapata kumshibisha mtu.

Tena ziwa ni moja na dola ni mbili. Mvuvi wa Nchelenge akitii kufungwa, huona taa za boti upande wa pili zikiwaka, naye hujiuliza anamtunzia nani samaki. Palipo na maji ya pamoja, panahitajiwa kanuni ya pamoja na tarehe za pamoja.

LA KUFANYA

Nyenzo zipo, ingawa hazijatumiwa vya kutosha. Sheria ya Uvuvi ya Zambia ya mwaka 2011 inaruhusu kuundwa kwa kamati za usimamizi wa uvuvi, zinazowashirikisha wavuvi wenyewe na machifu. Kamati hizo zisiwe za wenye boti peke yao. Baharia na mama muuza samaki nao wawe na viti vyao humo. Pia uko Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unaohusu kazi ya uvuvi. Ulianza kutumika Novemba 2017. Unataka mvuvi awe na makubaliano ya kazi yaliyoandikwa, saa za kupumzika, matibabu na ulinzi anapoumia. Wengi hudhani kwamba mkataba huo ni wa baharini tu. Sivyo. Tafsiri yake ya uvuvi wa biashara inataja pia mito na maziwa, ingawa nchi inayouridhia inaweza kuyaweka kando. Ni juu ya vyama vya wafanyakazi kuona kwamba hayawekwi kando.

Wenzetu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Zambia, lililoanzishwa mwaka 1965, wanajua ugumu wa kuandikisha watu wasio na mwajiri mmoja. Makuli wa bandari zetu za pwani waliujua pia. Walikuwa vibarua wa siku, waliochaguliwa asubuhi getini, na mgomo wa Mombasa wa mwaka 1947 ulionyesha kwamba hata kibarua wa siku anaweza kusimama na mwenzake. Kazi ndogo za mwanzo zinafaa kuliko maneno makubwa: daftari la majina ya mabaharia wa kila boti, bei moja ya kupakia gunia iliyokubaliwa na wapagazi wote wa gati, jaketi la kuokolea maisha kwa kila anayeingia ziwani, na mfuko wa akiba unaochangiwa kuanzia Machi hadi Novemba ili Desemba isiwakute watu mikono mitupu. Mkono mmoja haulei mwana, na mwana anayelelewa hapa ni ziwa lenyewe.

Wazee walisema Nachituti alitoa udongo na maji kwa pamoja, kwa kuwa nchi haikai bila ziwa lake. Wanaoishi Nchelenge leo wanalijua hilo kuliko sisi tunaoandika. Msomaji aliye gatini, awe upande wa Zambia au upande wa Kongo, aisome makala hii kwa wenzake usiku wanapongoja upepo utulie, na waanze na lile daftari.